Bi Arusi na Mpagazi: Rili Mbili za Amu

Bahari hunilevya. Nimeanza na sentensi hiyo ili nisipate nafasi ya kuikwepa huko mbele, maana nimeikwepa maisha yangu yote ya kazi. Nilikuwa ofisa wa samaki mpaka juzi nilipostaafu, na kila aliyeniuliza kama mawimbi yananisumbua nilimjibu kwamba hapana, ni mandazi niliyokula njiani, hayakuiva vizuri. Mandazi ya nchi hii yamesingiziwa mengi kwa ajili yangu. Ukweli niliusema mara moja tu, na mara hiyo ndiyo habari yenyewe.

Ninyi mnaoshika kazi zetu sasa mmeniomba niandike jinsi nilivyoanza. Jinsi nilivyopandishwa cheo, na nilivyocheleweshwa kupandishwa, ni mambo yanayonichosha hata mimi niliyeyapata, kwa hiyo nitayaruka. Nitawaeleza habari ya rili mbili.

Nilizaliwa Nyeri, mahali ambapo maji mengi kuliko yote niliyoyajua yalikuwa ndani ya pipa la bati nyuma ya jiko letu. Nilisomea wanyama chuo kikuu Kampala, na huko samaki nilikutana nao ndani ya chupa, wametulia. Nilijua hesabu ya miiba ya pezi la kolekole kabla sijamwona kolekole mwenye hasira. Kwa elimu hiyo nikaajiriwa, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, barabara za kaskazini zilipoanza kupitika tena baada ya vita vya shifta.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Bwana Odera, aliyekaa ofisi ya Mombasa. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na hakusadiki jambo lolote aliloambiwa mpaka alione limefunguliwa mbele yake. Asubuhi yangu ya kwanza kazini alitandika shuka jeupe juu ya meza, akaweka rili mbili.

Kwa wasioijua, rili ni gurudumu la kukunjia uzi linalofungwa kwenye fimbo ya kuvulia. Unafungua kiwaya kilichopinda kama sikio la kikombe, unarusha chambo mbali, unafunga kiwaya, kisha unazungusha mkono na uzi unarudi kujikunja wenyewe. Ndani mna meno yanayosagana, na mna breki. Breki ndiyo roho ya rili. Samaki mkubwa akikimbia, breki humwachia uzi kidogo kidogo, kwa ubahili, mpaka achoke. Ikikwama, uzi hukatika. Ikilegea, samaki huenda na uzi wote, nawe unabaki umeshika fimbo kama mchunga mbuzi aliyepotelewa na mbuzi.

"Chombo ambacho hujakifungua hukijui," aliniambia Bwana Odera huku akilegeza skrubu. "Na ukikifungua bila shuka, hutakijua tena."

Huo ndio ushauri bora niliowahi kupewa katika utumishi wa serikali. Springi ya rili ikiruka chini ya kabati, hairudi. Nunueni shuka.

Kisha akanieleza kazi. Idara ilitaka kuwapatia wavuvi wa visiwa vya Lamu rili za kuvulia kolekole na nguru kando ya miamba, kule ambako nyavu huraruka. Aina zilikuwa mbili na ingenunuliwa moja. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya fedha, nyepesi, ikizunguka bila sauti kwa sababu ya gololi ndogo zilizojaa ndani. Ya pili ilikuwa nyeusi, nzito, na ilipozungushwa ilinguruma kama kinu.

"Una msimu mmoja," alisema. "Wape wavuvi wawili wazuri, moja moja. Nenda nao baharini kila wiki, uone kwa macho yako, kisha uniambie ipi inunuliwe. Ukifanya vizuri nitakuacha Lamu. Ukishindwa, kwenye mabwawa ya samaki wa trauti Nyeri wanahitaji mtu."

"Nyeri ni kwetu, bwana."

"Basi utafurahi."

Nisingefurahi. Nyeri alikuwako mama yangu, na mama yangu alikuwa ameshanitafutia mchumba, mzee wa kanisa aliyefiwa na mkewe, mwenye kinu cha kusaga mahindi na maoni mengi kuhusu wanawake waliosoma. Mtu huyo aliwahi kuniuliza kama shahada yangu inapikika. Nilizibeba zile rili mbili kwenda Lamu nikijua kwamba mojawapo itanirudisha kwenye kinu kile au itaniepusha nacho.

Basi la abiria hufika Mokowe, na kutoka Mokowe unavuka kwa mashua ya injini hadi Amu, ndio mji wa Lamu wenyewe. Ni safari fupi, mtu hamalizi hata kusimulia habari za nyumbani. Mimi nilimaliza kutapika kila nilichokula tangu Malindi. Gatini alinipokea Mwana Esha, mwenye nyumba niliyopangiwa, mwanamke mnene mwenye macho yasiyopitwa na kitu.

"Pole, Bi Rahabu. Ni bahari?"

"Hapana. Mandazi."

"Ya wapi?"

"Ya Witu."

"Watu wa Witu wamekosa sana," alisema, akanishika mkono kunipandisha ngazi. Tangu siku hiyo, kila niliporudi kutoka Mokowe nimeshika ukuta, aliniuliza kwa utaratibu ule ule: "Na yeo ni ya wapi?" Yeo ni leo kwa Kiamu.

Ndiye aliyezipa rili majina. Alinikuta nimezitandaza kwenye shuka, akaigusa ile ya fedha kwa ncha ya kidole. "Hii ni bi arusi." Akaitazama nyeusi. "Na hii mpagazi. Maskini." Majina yakashika, hata mimi nikawa nayaandika kwenye karatasi zangu za ofisi.

Sasa mtaniuliza nilivyowachagua wavuvi. Bi Arusi nilimpa Bwana Lali wa Mkokoni. Nilimwambia kila mtu kwamba Mkokoni kuna wavuvi hodari, jambo ambalo kwa bahati lilikuwa kweli. Sababu yangu hasa ni kwamba Mkokoni iko bara, na lori la unga hufika. Mpagazi nilimpa Bwana Shee wa Pate, kwa kuwa Bwana Shee alileta tumbaku sokoni Amu kila wiki, na mtu anayekuja kwako huna haja ya kumfuata kwa mashua.

Bwana Lali alikuwa mtu mzima mpole, mwenye ndevu fupi, ambaye imamu wa Mkokoni akisafiri yeye ndiye husalisha. Nilimwonyesha mchangani jinsi ya kurusha. Chambo changu kikaangukia juu ya paa la jirani. Yeye akarusha mara moja, kikaenda moja kwa moja, akakunja uzi na kuufuta kwa shati lake.

"Bwana Lali," nilimwambia, "hii ni mali ya serikali. Nakukabidhi, nitaichukua msimu ukiisha."

"Ni amana?"

"Ni amana."

"Amana ni jambo zito, Bi Rahabu."

"Najua," nilisema. Sikujua. Aliipokea kwa mikono miwili, mkewe akaleta kipande cha kanga safi wakaifunga. Nilirudi na lori nimefurahi kwamba nimepata mtu makini. Bwana Shee nilimwambia maneno yale yale kwenye gati la Amu. Akasema, "Haya," akaitupa rili ndani ya pakacha la tumbaku.

Msimu ukaanza. Kila mara nilipopata lori nilikwenda Mkokoni, nikakaribishwa kahawa, kanga ikafunguliwa, nami nikazungusha mkono wa Bi Arusi. Alizunguka kama siku ya kwanza.

"Breki?" ningeuliza.

"Iko vile vile," angejibu Bwana Lali.

"Kutu?"

"Kutu itoke wapi, Bi?"

Siku moja nilimkuta na nguru mrefu kama benchi. Nikatoa kalamu.

"Huyu alipigana?"

"Alipigana sana."

"Na uzi ulihimili?"

"Ulihimili, alhamdulillahi."

Niliandika yote. Nami nawaomba mwangalie kwamba mtu yule hakuniambia uongo hata mara moja. Mshipi wake wa kuvulia kwa mkono, aliouzungusha kwenye kipande cha mti kama alivyofundishwa na baba yake, ulikuwa umehimili kweli.

Bwana Shee kwa upande wake alikuja na malalamiko mapya kila wiki, mapya kama mikate.

"Bi Rahabu, chuma chako kimekula mtanga."

"Mchanga? Uliiosha kwa maji ya kisima kila ukitoka baharini, kama nilivyokuambia?"

"Mai ya birika twanywa na kutilia udhu. Nami nikaoshee chuma?"

Birika lao ni tangi la kukingia maji ya mvua. Wiki iliyofuata mkono wa rili ulikuwa umekatika, ametia wa mti. Baadaye kiwaya kilipotea, akatia ubavu wa mwavuli. Mpagazi alikuwa ametumika kuvutia ndoo kisimani, na uzi wake, kwa maelezo ya Bwana Shee mwenyewe, mkewe aliuanikia nguo sikukuu ilipokaribia. Kisha siku moja niliinusa kabla sijaiona.

"Hii ni harufu gani?"

"Sifa."

Sifa ni mafuta ya papa. Hupakwa mbao za mashua zisiliwe na maji, na harufu yake haielezeki kwa mtu ambaye ametoka kula.

"Umepaka rili ya serikali sifa?"

"Kila kiendacho baharini hupakwa sifa, Bi. Nami nikipata nafasi nitajipaka."

Mwisho wa msimu niliandika ripoti. Haikunipa tabu. Rili ya fedha: haina kutu, breki haijabadilika, mvuvi ameridhika, inafaa. Rili nyeusi: imevunjika sehemu mbili, inanuka, haifai. Palikuwa na swali moja gumu, la kwenda baharini kila wiki. Niliandika, "Majaribio yalifuatiliwa kwa karibu." Hiyo ndiyo faida ya chuo kikuu. Mtu hufundishwa kuandika sentensi ambayo ndani yake hamna mtu.

Majibu ya Bwana Odera yalinifikia kwa mdomo wa karani wa posta. Ripoti ameipata, ameipenda. Ijumaa baada ya sala atapiga simu pale posta, asikie kwa sauti yangu mwenyewe ni ipi, ndipo atie sahihi ya kununua. Mwana Esha alinipikia wali wa nazi kwa furaha. Nyeri ilikuwa imekwenda mbali sana.

Jumatatu ya wiki hiyo wale mabwana wawili walikuja ofisini kwangu kurudisha rili, wakakutana mlangoni. Bwana Shee aliweka Mpagazi mezani, na karatasi zote zilizokuwa chini yake zikalowa sifa, zikawa za Mpagazi. Bwana Lali alifungua kanga polepole. Bi Arusi aling'aa mpaka Bwana Shee akainama kumtazama.

"Bwana Lali, hiki ulikivulia wapi?"

"Kukivulia?" Bwana Lali alishangaa. "Hiki ni amana."

"Na mimi nilipewa amana."

"Weye ndivyo ulivyoirudisha?" Bwana Lali aliinyoosha shingo akaitazama ile rili nyeusi, mkono wa mti, ubavu wa mwavuli. Alisikitika kweli, kama mtu aliyeonyeshwa punda aliyepigwa. "Mali ya watu, Bwana Shee?"

"Nilipewa nivulie."

"Nami nilipewa nitunze. Bi mwenyewe yupo hapa. Muulize kama nimetia hata tone la bahari."

Wakanigeukia wote wawili. Nilikaa chini. Kwa watu wale, kitu ulichowekewa amana hukigusi. Unakiweka mahali pakavu, mwenyewe anakikuta kama alivyokiacha, na hesabu yako na Mungu inabaki safi. Nilikuwa nimekwenda Mkokoni msimu mzima kukagua kanga. Kama ningepanda mashua na Bwana Lali siku moja tu, ningeona anavua kwa mshipi wa mkono na rili iko nyumbani. Na ripoti yangu ilikuwa Mombasa, imependwa.

Nikinyamaza, Ijumaa ingepita na Lamu ingekuwa yangu. Wavuvi wa visiwani nao wangepewa chombo ambacho hakuna aliyewahi kukilowesha, waje kukijua siku wana kolekole kwenye ndoana. Nikisema, ningeulizwa kwa nini sikujua, na jibu lake lilikuwa na basi la kwenda Nyeri ndani yake. Kwanza nilihitaji kujua kama nilichoandika ni kweli kwa bahati nasibu. Zilibaki siku chache.

"Twendeni baharini," nikasema.

"Sote?" akauliza Bwana Shee.

"Sote."

"Na weye?"

"Na mimi."

Aliniangalia kwa upole ambao sikuutegemea kutoka kwake. "Yeo umekula mandazi?"

"Bado."

"Basi usile."

Ndipo nikafahamu kwamba siri yangu ilikuwa imefika Pate kabla yangu.

Bwana Lali alikataa kushika Bi Arusi mpaka nimpokee kwanza mkononi, niseme kwamba amana imerudi, kisha nimpe upya kwa kuvulia. Nilisema. Tukatoka na mashua ya Bwana Shee hadi nje ya kijiji cha Shela, pale maji ya mkondo yanapokutana na bahari yenyewe, na hapo nikainama ubavuni nikabaki nimeinama.

Kwa haki, siku ya kwanza ilikuwa ya Bi Arusi. Alirusha chambo mbali mpaka Bwana Shee akanyamaza, jambo ambalo sijaliona tena. Kolekole aliposhika, breki ilimwachia uzi bila kukwaruza, Bwana Lali akamleta taratibu akitabasamu kama mtu anayeongoza mtoto shuleni. Mpagazi alirusha karibu, akanguruma, akaleta samaki wake kwa kelele na harufu. Jioni tuliziacha zote mbili kwenye mashua na chumvi yao, kwa kuwa ndivyo zitakavyoachwa na watu wasio na maji ya kumwaga.

Siku ya pili breki ya Bi Arusi ilianza kushikashika. Siku ya tatu mkono wake haukuzunguka kabisa. Niliifungua kwenye shuka, Bwana Shee akishika pembe moja na Bwana Lali pembe nyingine. Gololi zilikuwa zimefanya ukungu mweupe, na springi ya breki ilikuwa na kutu ya rangi ya chungwa. Bwana Shee akashauri sifa. Tulitia sifa. Mkono ukazunguka vizuri, na breki ikalegea kabisa, hata kolekole wa kwanza akaenda na uzi wote na hatukumsikia tena.

Tukafungua Mpagazi. Ndani mlikuwa na meno manene ya shaba, breki ya ngozi, sifa ya manjano iliyoganda kila pembe, mchanga, na jani moja la tumbaku. Chumvi haikupata mahali pa kukaa. Niwe mkweli kwenu: mwenye bomba la maji nyumbani, na adabu ya kuosha rili kila siku, anunue Bi Arusi, hata leo. Huvua vizuri zaidi. Asiye na maji ya kumwaga anunue chombo kinene kisicho na gololi, akizoeshe harufu.

Ile siku ya tatu walinipa fimbo ya Mpagazi nishike mwenyewe, maana Bwana Odera angeuliza. Kolekole akaja. Alivuta upande wake, tumbo likavuta upande wake, nikawa katikati.

"Achia kimoya, Bi Rahabu," alisema Bwana Shee.

"Kipi?"

"Siyui. Chagua."

Nilichagua. Bwana Lali aligeuza uso kwa heshima na kunishika mgongoni kwa kasia lisilokuwa na kazi, asije akanigusa kwa mkono, ili nisiangukie upande wa samaki.

Ijumaa baada ya sala posta ilijaa. Simu ya Mombasa siku zile ilikuja kwa mbali, na mtu alizungumza kwa sauti ya kumwita mtu aliye kisiwa cha ng'ambo, Manda. Karani akanipa mkono wa simu. Foleni nzima ikasogea.

"Bi Rahabu? Ripoti inasema ya fedha."

"Ripoti si sahihi, bwana. Ya fedha haikuingia baharini msimu mzima."

"Sema kwa nguvu."

Nikasema kwa nguvu. Mtu mmoja kwenye foleni akamweleza mwenzake aliyekuwa nje.

"Umeandika ulifuatilia kwa karibu."

"Nilifuatilia kutoka nchi kavu."

"Kwa nini?"

Nilitazama ukutani. Palikuwa na tangazo la stempu. "Bahari hunilevya," nikasema.

"Sikusikii."

"Bahari hunilevya, bwana."

Nadhani hata Shela walisikia. Waya ukavuma, nami nikaona mama yangu akipanga viti vya arusi.

"Kisha ulifanya nini?" akauliza Bwana Odera.

"Nilikwenda nao wiki hii. Zote mbili zilivua, zote mbili nimezifungua. Ya fedha imekufa. Nyeusi inafanya kazi."

"Ulikwenda mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ukatapika?"

"Sana."

"Ulikuwa umeshika fimbo?"

"Nilikuwa nimeishika. Palikuwa na samaki."

"Ukaiachia?"

"Sikuiachia."

Nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi, kwa muda mrefu kuliko sahihi moja inavyohitaji.

"Basi ni nyeusi," akasema. "Na Nyeri nitapeleka mtu mwingine. Kuna bwana mmoja hapa ofisini kila siku ananiambia jinsi anavyoipenda bahari." Akakata simu.